Kupunguza Antibiotiki Bandani Bila Kuwaacha Wanyama Wateseke: Mwongozo wa Mfugaji, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mfugaji wa ng'ombe, nguruwe, mbuzi, kondoo au kuku, awe na wanyama wachache au maelfu, ambaye chupa ya antibiotiki imekuwa kifaa cha kawaida katika kazi yake. Haumwambii aache dawa. Mnyama mwenye nimonia ya bakteria asipotibiwa huteseka na hufa, na kumtelekeza kwa kisingizio cha kulinda dawa ni ukatili. Lengo ni kumsaidia afike mahali ambapo antibiotiki inatolewa kwa mnyama mgonjwa tu, kwa ugonjwa uliotambuliwa, kwa kipimo kilichokokotolewa, na kwa idadi ya siku iliyoagizwa.

Jambo hili linastahili juhudi hiyo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo vya watu wapatao milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019 pekee. Sehemu kubwa ya usugu huo inatokana na matumizi mabaya ya dawa kwa binadamu wenyewe, na si haki kumtwika mfugaji mzigo wote. Lakini dawa nyingi zinazotumika mabandani ni ndugu wa zile zinazotumika hospitalini, na bakteria aliyejifunza kuishi na dawa ndani ya utumbo wa nguruwe hana mpaka unaomzuia kumfikia mtu.

Kabla ya kuingia katika hatua zenyewe, ni vyema kuelewa usugu unavyozaliwa, kwa sababu kila hatua itakayofuata inategemea uelewa huo. Katika mamilioni ya bakteria waliomo ndani ya mnyama mmoja, huwa wapo wachache ambao dawa fulani haiwadhuru: wengine hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa, wengine huisukuma itoke nje ya seli, na wengine wamebadilika umbo mahali ambapo dawa ingejishikiza. Dawa inapoingia huwaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi na chakula hao wachache, nao huongezeka. Kibaya zaidi, jeni za usugu mara nyingi hukaa kwenye vipande vidogo vya DNA viitwavyo plasmidi, ambavyo bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine hata kama si wa aina moja. Na plasmidi moja huweza kubeba usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo mfugaji anayetumia tetrasaiklini peke yake anaweza kujikuta anakuza usugu wa dawa ambayo hajawahi kuinunua. Hilo lilionekana wazi katika jaribio la Stuart Levy na wenzake, lililochapishwa mwaka 1976: kuku walipolishwa chakula chenye tetrasaiklini, bakteria sugu walijaa katika matumbo yao ndani ya muda mfupi, na baada ya miezi michache walionekana pia katika vinyesi vya watu walioishi kwenye shamba hilo, wakiwa na usugu wa dawa nyingine ambazo hazikuwemo katika chakula hicho.

Hatua ya kwanza: fungua daftari la dawa

Mfugaji asiyejua anatumia dawa kiasi gani hawezi kuipunguza. Andika tarehe, namba ya mnyama au idadi ya kundi, dalili ulizoziona, jina la dawa pamoja na kiambato chake, kipimo, njia ya kuitoa, siku za matibabu, tarehe ambayo maziwa, mayai au nyama vitaruhusiwa tena, na matokeo. Safu ya mwisho, yaani matokeo, ndiyo ambayo watu wengi huiacha wazi, ilhali ndiyo inayoonyesha ni dawa ipi imeanza kushindwa kazi kwenye banda lako.

Sisitiza kiambato kuliko jina la kibiashara. Chupa mbili zenye majina na rangi tofauti zinaweza kuwa oksitetrasaiklini zote mbili, na mfugaji anayedhani amebadilisha dawa kumbe amerudia ileile.

Baada ya miezi mitatu au minne, kaa chini ulisome daftari hilo kwa makini. Karibu kila mara utakuta kwamba dawa hazikusambaa sawasawa, bali zimelundikana mahali pachache: ndama wa wiki mbili za kwanza, nguruwe waliotoka kuachishwa kunyonya, vifaranga wa wiki ya kwanza, au ng'ombe walewale watatu wanaougua ugonjwa wa kiwele kila mara. Hapo ndipo kazi yako itakapoanzia, na hakuna haja ya kubadilisha kila kitu kwa siku moja.

Hatua ya pili: kubaliana na daktari mmoja wa mifugo

Daktari anayelijua banda lako, aliyeona maji yako, malalo yako na rekodi zako, anaweza kukuandikia mpango wa afya unaotaja magonjwa yanayotarajiwa, chanjo, na utaratibu wa kufuata ugonjwa fulani unapotokea. Anayeitwa mara moja usiku wakati mnyama amekwisha kulala chini hana nafasi hiyo. Epuka pia kununua dawa kwa kumweleza muuzaji dalili mdomoni. Hata muuzaji mwaminifu hawezi kutambua ugonjwa wa mnyama asiyemwona. Huko Marekani, tangu Juni 2023, antibiotiki zote zenye umuhimu katika tiba ya binadamu hazipatikani kwa ajili ya mifugo bila agizo la daktari, na mwelekeo wa nchi nyingi ni huohuo.

Hatua ya tatu: ondoa dawa zinazotolewa kwa wanyama wasio wagonjwa

Kuna matumizi ya aina tatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kumtibu mnyama mgonjwa. Ya pili ni kuwapa dawa wanyama wote wa kundi kwa sababu baadhi yao wameonyesha dalili na ugonjwa unaenea. Ya tatu ni kuwapa wanyama ambao hakuna hata mmoja wao anayeumwa, ama ili wakue haraka, ama kwa kujihami. Hii ya tatu, na hasa dozi ndogo inayowekwa kwenye chakula kila siku kwa majuma mengi, ndiyo shule bora kabisa ya bakteria sugu: dawa ni kidogo mno kuwaua wote, na inadumu muda wa kutosha kuwachagua walio imara.

Onyo kuhusu jambo hili si la jana. Kamati iliyoongozwa na Michael Swann nchini Uingereza ilipendekeza mwaka 1969 kwamba antibiotiki zinazohitajika katika tiba zisitumike kukuzia wanyama. Uswidi ilipiga marufuku dawa za kukuzia mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukakamilisha katazo lake tarehe 1 Januari 2006, na kuanzia Januari 2022 sheria yake mpya inakataza pia kutoa antibiotiki kwa mazoea ili kufidia usafi duni au matunzo mabaya. Maneno hayo ya mwisho yanagusa kiini cha tatizo. Katika mabanda mengi niliyoyafikiria wakati wa kuandika mwongozo huu, antibiotiki inafanya kazi isiyo yake: inafunika hewa chafu, malalo yenye unyevu, msongamano, na ndama aliyekosa maziwa ya kwanza. Ukiiondoa bila kurekebisha mambo hayo, ugonjwa utajitokeza.

Denmark ilijifunza hili. Ilipokamilisha kuondoa dawa za kukuzia hata kwa nguruwe wadogo mwanzoni mwa mwaka 2000, kuhara baada ya kuachishwa kunyonya kuliongezeka na dawa za tiba zikatumika zaidi kwa muda, hadi wafugaji walipoboresha ulishaji na mazingira. Kwa hiyo soma lebo ya kila gunia la chakula na kila mchanganyiko wa vitamini, kwa kuwa baadhi huwekewa antibiotiki bila mfugaji kutambua. Kisha panga kuondoa dawa hizo kundi kwa kundi, ukianza na lile ambalo hatua ifuatayo umekwisha kuitekeleza.

Hatua ya nne: rekebisha kile ambacho dawa ilikuwa inakifunika

Hapa ndipo sehemu kubwa ya upungufu wa matumizi hupatikana, na ndiyo maana nitakaa hapa muda mrefu kuliko kwingine.

Anza na dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa. Ndama huzaliwa akiwa karibu hana kingamwili yoyote, kwa sababu kondo la ng'ombe halizipitishi. Anazipata kwa kunywa, na utumbo wake huweza kuzifyonza zikiwa nzima kwa saa chache tu, uwezo huo ukipungua kila saa na kukoma baada ya takriban siku moja. Lenga ndama apate dang'a safi kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani lita tatu hadi nne kwa ndama wa kilo 35 hadi 40, ndani ya saa mbili hadi sita za mwanzo, na mlo mwingine kabla saa 12 hazijapita. Usihesabu kwamba amenyonya kwa sababu tu umemwona amesimama chini ya mama yake. Mwanakondoo na mwanambuzi wana hitaji lilelile. Ndama aliyepata dang'a ya kutosha hupunguza dawa za kuhara na nimonia kuliko hatua nyingine yoyote iliyomo humu, na gharama yake kubwa ni kuwahi kuamka.

Kisha angalia hewa na unyevu. Piga magoti kwenye kimo cha pua ya mnyama, uvute pumzi: ukisikia amonia ikichoma macho au koo, mnyama anaivuta usiku na mchana, na vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia yake ya hewa vimekwisha kudhurika, hivyo bakteria wa kawaida wanaoishi puani wanashuka hadi mapafuni. Tiba ya banda la namna hiyo ni kufungua tundu za hewa juu ya kimo cha wanyama, kupunguza idadi yao, na kubadilisha malalo. Katika banda la kuku, shika maranda kwa kiganja na uyafinye: yakibaki donge, yana maji mengi, na hali hiyo inawafaa vimelea vya koksidia ambavyo hujeruhi utumbo na kuwafungulia njia bakteria wengine. Rekebisha chuchu za maji zinazovuja kabla ya kufikiria dawa.

Kuachishwa kunyonya kunahitaji uangalifu wa peke yake. Mtoto wa nguruwe anayeachishwa akiwa na wiki tatu hutenganishwa na mama, hubadilishiwa chakula, huchanganywa na wageni na huhamishiwa mahali papya, vyote siku moja. Kumwongezea hata wiki moja ya kunyonya, kumzoesha chakula kikavu mapema, kupunguza protini katika chakula cha siku za mwanzo na kumweka na ndugu zake aliozaliwa nao kunapunguza kuhara kwa kiasi kinachoonekana.

Tumia utaratibu wa kuingiza wote na kutoa wote: kundi moja linaingia pamoja, linatoka pamoja, banda linasafishwa kwa sabuni, linawekwa dawa ya kuua vimelea, linakaushwa na kupumzishwa kabla ya kundi jipya. Kusafisha kunatangulia dawa, kwa kuwa dawa ya kuua vimelea haifanyi kazi juu ya kinyesi. Mnyama aliyenunuliwa atengwe kwa wiki tatu hadi nne, na ahudumiwe mwisho, baada ya walio wazima.

Chanjo nayo ni kinga dhidi ya kuhitaji dawa. Hata chanjo ya ugonjwa wa virusi hupunguza antibiotiki, kwa sababu maambukizi mengi ya bakteria huja baada ya virusi kudhoofisha mwili. Mfano ninaouthamini sana ni wa wafugaji wa samaki aina ya samoni nchini Norwe: mwaka 1987 walitumia karibu tani 50 za antibiotiki, chanjo bora zikaja, na licha ya uzalishaji kuongezeka mara nyingi, matumizi yaliporomoka hadi kiasi kidogo kabisa. Hawakuombwa wavumilie vifo vya samaki. Waliondolewa sababu ya kuhitaji dawa. Hakikisha chanjo yako inahifadhiwa kwenye ubaridi ulioelekezwa, kwa kuwa chanjo iliyopata joto humpa mfugaji imani pasipo kinga.

Hatua ya tano: jua unapambana na nini kabla ya kuvuta dawa kwenye sindano

Antibiotiki huua bakteria. Haiui virusi, haiui minyoo, na kwa sehemu kubwa haiponyi magonjwa ya protozoa, yaani vimelea vya seli moja. Maneno haya yanajulikana, lakini matumizi yake bandani ni nadra kuliko yanavyostahili.

Kuku wanapokufa kwa wingi wakiwa na shingo zilizopinda na kinyesi cha kijani, kideri ni mshukiwa mkuu, nacho ni virusi. Kuwapa antibiotiki kwenye maji hakutawaponya. Gumboro na ndui pia ni virusi. Kuhara damu kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita mara nyingi ni koksidia, inayohitaji dawa yake mahususi. Badala ya kubahatisha, peleka kuku wawili au watatu waliokufa muda si mrefu, pamoja na wengine wenye dalili, kwa daktari awapasue na kuchunguza viungo vyao. Uchunguzi huo wa saa moja huokoa kundi zima lisinyweshwe dawa isiyofaa kwa siku tano.

Kuhara kwa ndama ndiko mahali ambapo dawa nyingi hupotea bure. Visababishi vikuu katika wiki tatu za mwanzo ni virusi vya rota na vya korona, pamoja na protozoa aitwaye kriptosporidia. Bakteria huhusika pia, lakini si kila mara. Kinachomuua ndama wa namna hiyo ni upungufu wa maji na chumvi, na damu kuwa na asidi nyingi. Kwa hiyo mpe mchanganyiko wa chumvi na glukosi uliotengenezwa kwa ajili ya ndama, kwa kawaida lita mbili kila mara, mara mbili au tatu kwa siku, kati ya milo ya maziwa, wala usimnyime maziwa. Pima joto lake. Ndama mwenye macho angavu, anayenyonya na mwenye joto lisilozidi nyuzi 39.5 za Selsiasi kwa kawaida hahitaji antibiotiki. Mwenye homa, aliyezubaa, anayekataa kunyonya au anayehara damu anahitaji daktari haraka, na huenda antibiotiki ikamwokoa.

Katika ugonjwa wa kiwele, kamua michirizi ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe chenye uso mweusi ili uone mabonge, na tumia kipimo cha sahani yenye vyumba vinne, ambacho maziwa huganda yakichanganywa na kimiminika chake kama seli za ugonjwa ni nyingi. Chukua sampuli kabla ya kuweka dawa, kwa kuwa baada ya hapo maabara haitaotesha kitu cha maana. Kama uvimbe ni mdogo na ng'ombe hana homa, daktari anaweza kukubali kusubiri siku moja hadi majibu yatoke, kwa sababu visa vingi vinavyosababishwa na bakteria kama E. koli hupona bila dawa. Ng'ombe anayerudiwa na ugonjwa katika chuchu ileile msimu hadi msimu, nadhani ni heri kumwondoa kundini kuliko kuendelea kumtibu. Vivyo hivyo, si lazima kila ng'ombe anayekaushwa, yaani anayeachishwa kukamuliwa kabla ya kuzaa tena, awekewe antibiotiki katika chuchu zote. Kwa wale ambao vipimo vinaonyesha hawana maambukizi, kizibo cha chuchu kisicho na dawa kinatosha, mradi kiwekwe kwa usafi mkubwa.

Kwa magonjwa ya kupe, tone moja la damu chini ya hadubini lina thamani kubwa. Ndigana baridi hutibika kwa tetrasaiklini. Babesia, anayesababisha mkojo mwekundu, huhitaji dawa nyingine kabisa.

Hatua ya sita: chagua dawa kwa ngazi

Anza na dawa inayolenga aina chache za bakteria na iliyo ya muda mrefu katika tiba, kama penisilini pale inapofaa. Dawa za kundi la fluorokwinoloni, sefalosporini za kizazi cha tatu na cha nne, pamoja na kolistini, ziwe za mwisho, na zitolewe tu pale vipimo vya maabara vinapoonyesha kuwa nyingine hazifanyi kazi. Shirika la Afya Duniani linaziweka miongoni mwa dawa zenye umuhimu wa juu kabisa kwa binadamu.

Kolistini inaonyesha kwa nini. Ilikuwa imewekwa kando hospitalini kwa sababu ya madhara yake kwenye figo, ikarudishwa kama tegemeo la mwisho dhidi ya bakteria walioshinda karibu dawa nyingine zote, ilhali nguruwe walikuwa wakilishwa dawa hiyohiyo. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza jeni ya mcr-1, iliyobeba usugu wa kolistini juu ya plasmidi inayohama, na baadaye jeni hiyo ikaonekana katika nchi nyingi. China iliacha kuiruhusu kolistini kama dawa ya kukuzia katika vyakula vya mifugo mwaka 2017. Marekani nayo ilikuwa imeondoa idhini ya enrofloksasini, mojawapo ya fluorokwinoloni, kwa kuku mwaka 2005, baada ya bakteria wa kampailobakta kuonyesha usugu uliokuwa ukiwafikia walaji.

Hatua ya saba: kokotoa kipimo, usikisie

Makosa ya kipimo huanzia kwenye uzito. Kama huna mizani, pima kwa tepu mzingo wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka kwenye fundo la bega hadi mfupa wa matako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, kisha gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzingo wa sentimita 160 na urefu wa sentimita 130 atakuwa na takriban kilo 307. Kama agizo ni miligramu 10 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 3,070. Na kama dawa ina miligramu 100 katika kila mililita, hizo ni karibu mililita 31. Anayekisia kwamba ng'ombe huyo ana kilo 200 atampa mililita 20, na atawaacha hai bakteria wenye nguvu. Gawa dozi kubwa katika sehemu kadhaa za mwili, kwa kawaida isizidi mililita 10 mahali pamoja, au kama lebo inavyosema.

Dawa ya kwenye maji ya kuku ina mitego yake. Kuku hunywa zaidi wakati wa joto na hupungukiwa hamu wanapougua, hivyo walio wagonjwa zaidi ndio wanaopata dawa kidogo zaidi. Pima kiasi walichokunywa jana, kokotoa dawa kwa uzito wa jumla wa kundi, na safisha mabomba baadaye ili mabaki yasiendelee kutiririka kwa dozi ndogo.

Fuata idadi ya siku zilizoagizwa. Usikatize siku ya pili kwa kuwa mnyama ameanza kula, wala usirefushe kwa hofu. Kama hakuna nafuu baada ya siku mbili au tatu, mpigie daktari badala ya kuongeza dawa ya pili juu ya ile ya kwanza. Huenda utambuzi ndio uliokosewa. Usichanganye dawa mbili kwenye bomba moja la sindano, usitumie iliyopita muda, na iweke mbali na jua.

Hatua ya nane: heshimu muda wa kusubiri

Mabaki ya dawa na usugu ni matatizo mawili tofauti. Nyama isiyo na chembe ya dawa inaweza kubeba bakteria sugu. Kuipika vizuri kutawaua. Maziwa yenye mabaki ya dawa, kwa upande mwingine, hayasafishwi na kuchemshwa, kwa kuwa dawa nyingi huhimili joto hilo. Maziwa hayo huweza kumdhuru mwenye mzio wa penisilini, na huharibu mtindi kwa kuua bakteria wanaougandisha.

Hesabu muda wa kusubiri kuanzia dozi ya mwisho. Mtie ng'ombe alama inayoonekana, kama utepe mguuni, kwa sababu mkamuaji wa zamu nyingine hawezi kujua kilicho kichwani mwako. Hata kama dawa imewekwa kwenye chuchu moja, maziwa ya chuchu zote nne yatengwe. Daktari akiagiza kipimo kikubwa kuliko cha lebo, muda wa kusubiri nao huongezeka, na ni lazima autamke. Kwa kuku wanaotaga, dawa nyingi haziruhusiwi kabisa. Soma lebo kabla ya kununua.

Hatua ya tisa: maziwa yaliyotengwa, samadi na chupa

Wafugaji wengi huwapa ndama maziwa ya ng'ombe anayetibiwa ili yasipotee. Ninaelewa uchungu wa kumwaga ndoo nzima, lakini maziwa hayo yana dawa kwa dozi ndogo, na ndama wanaoyanywa hutoa bakteria sugu zaidi kwenye vinyesi vyao. Yatupe kwenye shimo la samadi, mbali na maji.

Sehemu kubwa ya dawa kadhaa, tetrasaiklini zikiwemo, hutoka mwilini ikiwa bado na nguvu. Samadi isipelekwe shambani ikiwa mbichi, hasa kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa. Ifanye mboji: lundika pamoja na mabua makavu, weka unyevu wa wastani, na igeuze mara kwa mara hadi joto la ndani lifike nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa mfululizo kila baada ya kugeuzwa. Mboji hupunguza bakteria na mabaki mengi ya dawa ingawa haiondoi jeni zote za usugu, kwa hiyo haichukui nafasi ya kupunguza dawa tangu mwanzo. Chupa na sindano zilizotumika zirudishwe kwa daktari kama anazipokea. Zisitupwe mtoni wala zisitumike kuwekea kitu kingine.

Hatua ya kumi: pima tena kila baada ya miezi sita

Rudi kwenye daftari na ujumlishe gramu za kiambato, siyo chupa. Chupa ya mililita 100 yenye nguvu ya asilimia 10 ina gramu 10 za dawa. Zidisha kwa chupa ulizotumia, kisha gawanya kwa uzito wa jumla wa wanyama wako ili ulinganishe miezi sita na miezi sita hata kama kundi limekua. Tenga hesabu ya dawa zile za ngazi ya mwisho, kwa maana dawa hizi zina nguvu kwa gramu chache: mfugaji anaweza kupunguza gramu kwa kuhamia kwenye dawa kali, akadhani amefanya vyema. Denmark hutumia ulinganifu wa namna hii tangu mwaka 2010, ambapo shamba la nguruwe linalovuka kiwango kilichowekwa hupewa kadi ya njano na kutakiwa lipunguze.

Linganisha pia vifo, uzito na visa vya ugonjwa. Kama dawa zimepungua lakini vifo vimeongezeka, kuna kitu katika hatua ya nne hakijakamilika, na wanyama hao wanapaswa kutibiwa wakati unakitafuta. Kama vyote vimeshuka, chagua kundi linalofuata katika daftari lako, uwaite wahudumu wa banda pamoja na daktari, na upange nao lini chakula chenye dawa kitaondolewa katika kundi hilo, nani atapima joto la wanyama kila asubuhi katika wiki mbili za kwanza, na ni dalili zipi zitakazowafanya wakuite mara moja.